Nimehamisha VM kutoka ESXi kwenda Proxmox, Windows inaleta skrini ya bluu na CentOS haioni diski

fundi_sato (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla Jumatatu haijafika, maana wahasibu wakikuta seva haipo hapa patawaka.

Kuna ofisi ya ushirika naihudumia. Walikuwa na seva moja yenye ESXi 6.7 ya VMware, juu yake VM (kompyuta pepe) mbili: ya kwanza ni Windows Server 2019 yenye SQL Server na programu ya uhasibu, ya pili ni CentOS 7 inayotunza faili za ofisi kwa Samba. Tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwishoni mwa 2023 na leseni za kununua mara moja zikaondolewa, mwenyekiti hataki kusikia habari ya kulipia kila mwaka. Nikapewa mashine nyingine, nikaweka Proxmox VE 8, mfumo mwingine wa kuendeshea VM, nikazima VM zote mbili vizuri, nikakopi faili za vmdk (ndizo diski za VM) na kuziingiza kwa `qm importdisk`. Mpaka hapo hakuna kosa hata moja.

Balaa likaanza kwenye kuwasha. Windows inaonyesha nembo, vidoti vinazunguka, kisha skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Inajizima na kujiwasha, inarudi palepale, mwishowe inaingia kwenye ule ukurasa wa kujirekebisha ambao haurekebishi kitu. Kontrola ya diski (kifaa cha kuunganishia diski) niliiacha VirtIO SCSI single, kifaa cha kuigwa ambacho Proxmox yenyewe inakipendekeza. Nikabadilisha nikaweka LSI 53C895A, kwa sababu kule ESXi ilikuwa LSI Logic SAS. Bluu ileile.

CentOS nayo inaandika dracut-initqueue timeout mistari na mistari, halafu inasema /dev/mapper/centos-root (sehemu ya diski yenye mfumo) haipo, inaniachia `dracut:/#` basi.

Je, diski zimeharibika kwenye kukopi, au ni draiva? Mashine ya zamani ipo, sijafuta chochote. Intaneti hapa ni bando la simu, kwa hiyo mkiniambia nipakue kitu, kiwe kitu chenye faida.

kijana_wa_mabibo

Mkuu usijitese. Piga Windows mpya, instoli SQL, rudisha bakapu ya database. Jioni moja tu umemaliza.

BabaKebo (Tanga)

Mdogo wangu wa Mwanza, usipige Windows mpya. Kijana wa Mabibo hajawahi kukaa na mhasibu anayetafuta ankara ya mwaka juzi kwenye programu ambayo aliyeiinstoli kashahama nchi. CD ya hiyo programu unayo? Nywila ya `sa`, msimamizi mkuu wa SQL Server, unaijua? Basi tulia.

Diski yako ni nzima, na ushahidi umeuandika mwenyewe: nembo imeonekana. Pale mwanzo anayesoma diski ni kipakiaji, naye anasoma kwa msaada wa BIOS au UEFI, programu ya msingi ya mashine, hahitaji draiva ya Windows. Anaipandisha kerneli, yaani kiini cha Windows, kwenye kumbukumbu pamoja na draiva zile tu zilizosajiliwa kuanza na mfumo, kisha anaiachia usukani. Kuanzia hapo BIOS haina kazi tena, kerneli lazima iifikie diski kwa draiva yake yenyewe. Inatazama kwenye PCI, njia inayounganisha vifaa, inakuta kifaa chenye namba 1AF4:1004, ambacho ni VirtIO SCSI, na haina draiva hata moja inayoitambua namba hiyo. C yako yote iko nyuma ya kifaa hicho. Ndiyo maana ya ile bluu, 0x7B. Ingekuwa umekosea kuchagua kati ya BIOS na UEFI, hata nembo usingeiona. Ungeambiwa hakuna diski ya kuwashia.

Na hilo la LSI linanasa wengi. Kontrola ambayo ESXi inaiita LSI Logic SAS inaiga chipu ya SAS1068. Ile ya Proxmox inaiga 53C895A, kontrola ya SCSI ya kizazi cha nyuma kabisa. Mtengenezaji mmoja, vifaa viwili, draiva mbili. Windows haisomi jina la kampuni, inasoma namba ya kifaa.

Fanya hivi. Mrudishie Windows kifaa anachokijua. Server 2019 ina draiva yake ya AHCI (ya diski za SATA), storahci, na kwa kuwa CD ya VM kwenye ESXi mara nyingi hukaa kwenye SATA, kuna uwezekano mkubwa draiva hiyo ilikuwa hai tangu kule. Zima VM, ing'oe diski kwenye scsi0 (haitafutika, itashuka chini na kuitwa Unused Disk), kisha ichomeke kwenye SATA. Kwa amri, kama namba ya VM ni 104:

`qm set 104 --delete scsi0`
`qm set 104 --sata0 local-lvm:vm-104-disk-0 --boot order=sata0`

Washa. Itakuwa nzito lakini itawaka.

Ikishawaka usikimbilie kurudisha VirtIO, maana hapa ndipo watu wanapoiona bluu mara ya pili na kuanza kulaani. Pakua ISO moja tu, virtio-win. Ni mamia ya megabaiti, bando litalia, ila imebeba kila kitu: vioscsi na viostor za diski, NetKVM ya mtandao, Balloon ya kumbukumbu. Ipakue Proxmox yenyewe moja kwa moja kwenye hifadhi yake ya ISO, usiizungushe kwenye laptop. Iweke kama CD ya VM, endesha virtio-win-gt-x64.msi, kubali vyote.

Halafu, VM ikiwa bado iko kwenye SATA, iongezee diski ya GB 1 kwenye VirtIO:

`qm set 104 --scsihw virtio-scsi-single --scsi1 local-lvm:1`

Hiyo GB 1 hutahifadhi kitu ndani yake. Iko pale ili Windows ikione kifaa ikiwa hai. Draiva iliyolala kwenye ghala la draiva na draiva inayoanza na mfumo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kifaa kikionekana, Windows inakifungia draiva yake, na kwenye rejista, chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\vioscsi, thamani ya Start inakuwa 0, yaani kipakiaji kiipandishe draiva hiyo mapema kabisa. Ikiwa 3, draiva inasubiri kuitwa, na mwenye kuiita yuko ndani ya diski ambayo haijafunguka.

Usiamini maneno yangu, angalia kwa macho. Device Manager, Storage controllers, uone Red Hat VirtIO SCSI pass-through controller bila alama ya njano. Fungua regedit uone hiyo 0. Ukiviona vyote viwili, zima VM, ing'oe diski kwenye sata0, irudishe scsi0, badilisha `--boot order=scsi0`, na ile GB 1 itupe.

CentOS nawaachia wengine. Mimi Linux naijua kwa kuonana barabarani.

mama_rauta (Mombasa)

BabaKebo hiyo ya Linux kuijua barabarani ni uongo wa kistaarabu, lakini nitaichukua.

Ndugu fundi_sato, hapo mwenye makosa si CentOS, ni ubahili wake wa nafasi. Dracut ikitengeneza initramfs (mfumo mdogo unaopanda kwanza ili diski ifunguke) hutia ndani draiva za vifaa ilivyoviona siku ile tu. Iliona kontrola ya VMware, ikabeba ya VMware. virtio_scsi unayo tayari, iko ndani ya /lib/modules, lakini /lib/modules iko ndani ya centos-root, na centos-root ndiyo hiyo isiyoonekana. Huna haja ya kupakua hata kilobaiti moja.

Washa VM, kwenye menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha) shuka mpaka mstari wa mwisho wenye neno rescue. Image hiyo hutengenezwa bila huo ubahili, imebeba draiva za kila aina, itaiona diski yako hata ikiwa kwenye VirtIO. Ukiingia kama root:

`dracut --regenerate-all --force --no-hostonly`

Usiandike `dracut -f` peke yake hapo. Ukiwa kwenye rescue umebuti na kerneli ya siku mfumo ulipoinstoliwa, na dracut -f itatengeneza initramfs ya kerneli hiyo, siyo ile unayotumia kila siku. Utawasha upya, utakuta dracut imekusimamia palepale. Baada ya hapo kagua: `lsinitrd /boot/initramfs-3.10.0-1160.el7.x86_64.img | grep virtio`, jina la faili ubadilishe kulingana na kerneli yako. Ukiona virtio_scsi na virtio_pci, washa upya kwa mstari wa kwanza wa menyu.

Itawaka, na mtandao hautakuwepo. Usishtuke. Kule kadi iliitwa ens192, au ens160. Hapa itaitwa ens18 kwa sababu imekaa sehemu nyingine ya PCI. Piga `ip link` ulione jina, nenda /etc/sysconfig/network-scripts, ipe ifcfg-ens192 jina jipya, ndani yake badilisha DEVICE na NAME, na kama kuna mstari wa HWADDR ufute. Wenye Ubuntu au Debian huponea ile ya initramfs, kwa kuwa initramfs-tools hubeba moduli karibu zote kwa kawaida yake, lakini hili la jina la kadi linawapata vilevile, wao kwenye netplan au /etc/network/interfaces.

Ukimaliza ondoa open-vm-tools, zana za VMware. Ukitaka kuweka qemu-guest-agent, msaidizi wa Proxmox ndani ya VM, itabidi kwanza uelekeze yum (kisakinishi cha CentOS) kwenye vault.centos.org, CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024 na hazina zake za kawaida zilifungwa. Na hiyo tarehe yenyewe ikwambie jambo kuhusu faili za ushirika.

fundi_sato (Mwanza)

Shikamoo Mzee BabaKebo, shikamoo Mama Rauta. CentOS imewaka, Samba inafanya kazi, mtandao ulikuwa kama ulivyosema, ens18.

Windows nayo imewaka kwa SATA kama muujiza. Nimefuata yote, Start niliikuta 0, sasa iko kwenye VirtIO na ni nyepesi kuliko ilivyokuwa ESXi. Ila yameibuka mengine matatu:

Diski D, yenye mafaili ya SQL, haionekani kwenye My Computer. SQL Server inawaka lakini database ya uhasibu haipo.

Kadi ya mtandao nikiipa IP ya zamani, 192.168.1.10, inaniambia IP hiyo imeshapewa kadi nyingine ambayo haipo tena kwenye kompyuta.

Nimejaribu kuondoa VMware Tools, zana za VMware zilizobaki ndani ya Windows, inagoma, inasema inafanya kazi ndani ya VMware tu.

BabaKebo (Tanga)

Marahaba. D haijapotea, imewekwa kando. Windows Server ina kitu kinaitwa SAN policy: ikiona diski mpya inayokuja kwa njia ya kontrola kama za seva kubwa, inaweza kuiacha offline, kwa hofu kwamba labda seva nyingine inaitumia. C haiguswi kwa sababu imebuti nayo. Fungua diskpart kama Administrator:

`san policy=OnlineAll`
`list disk`
`select disk 1`
`online disk`
`attributes disk clear readonly`

Hakikisha disk 1 ndiyo yenye ukubwa wa D yako kabla hujabonyeza. Hakikisha pia imerudi na herufi D, siyo E, kisha ndiyo uirestati SQL Server. Ikiwa E, SQL itaendelea kulalamika mpaka asubuhi.

Ya IP: kadi ya mtandao ya VMware, vmxnet3, imeondoka lakini kaburi lake limebaki kwenye rejista, na IP imezikwa nayo. Device Manager, View, Show hidden devices, kwenye Network adapters utaiona vmxnet3 imefifia. Uninstall. Wakati uko hapo, teremka uondoe na vingine vilivyofifia vyenye jina la VMware. Lakini tahadhari, usiguse kilichofifia kama hujui ni nini. Windows huweka vivuli vya vitu vyake vyenyewe pia.

Ukikuta kifaa chenye alama ya njano na hakina jina, usibahatishe. Properties, Details, Hardware Ids. VEN_1AF4 ni jamaa wa VirtIO: DEV_1000 ni kadi ya mtandao, 1001 diski ya VirtIO Block, 1002 Balloon, 1003 mawasiliano ya serial ambayo ndiyo njia ya qemu-guest-agent, 1004 SCSI. VEN_15AD ni VMware. Namba hizo nimezibandika ukutani ofisini, zinanisaidia kuliko kalenda.

VMware Tools ilitakiwa uiondoe kule ESXi kabla ya kuzima. Kiondoaji chake kinakagua kwanza kama kiko ndani ya VMware, kikikuta hapana kinajitoa. Una njia mbili: uiwashe VM ya zamani kule ESXi waya wa mtandao ukiwa umetolewa, uiondoe Tools, na uhamishe upya, au uiache. Kwa hali yako ya Jumatatu, iache. Huduma zake zizuie tu zisijiwashe kwenye services.msc. Haidhuru mtu.

fundi_sato (Mwanza)

D imerudi na herufi yake, database imefunguka, IP imekubali. Nimewaza kulala, nikasema ngoja niifungue programu ya uhasibu. Inasema leseni si ya kompyuta hii.

mama_rauta (Mombasa)

Aaa, hiyo imefungwa kwenye MAC. Programu nyingi za uhasibu za kienyeji hufanya hivyo, msanidi anachukua namba ya kadi ya mtandao na kuifanya ufunguo. Proxmox imeipa VM yako MAC mpya.

Ingia kwenye faili ya .vmx (ya mipangilio ya VM) ya zamani, tafuta mstari wa `ethernet0.generatedAddress`, au `ethernet0.address` kama mtu aliiweka kwa mkono. Itaanza na 00:0c:29 au 00:50:56. Ichukue kama ilivyo:

`qm set 104 --net0 virtio=00:0C:29:XX:XX:XX,bridge=vmbr0`

Zima VM kwanza, halafu washa. Ikigoma bado, basi imefungwa kwenye namba ya diski au ya ubao mama, hapo mpigie msanidi. Na jicho lako liwe kwa Windows yenyewe: vifaa vikibadilika namna hii inaweza kuomba kuamilishwa upya, uwe na ufunguo karibu.

msomaji_wa_kimya (Morogoro)

Nimefuata uzi wote. Mimi nina VM kama ishirini za Windows zinanisubiri. Hivi kweli nifanye hili la diski ya GB 1 kwa kila moja?

BabaKebo (Tanga)

Ishirini unatumia virt-v2v. Ni zana ya watu wa Red Hat, inaifungua diski ya Windows ikiwa imezimwa, inatia draiva za VirtIO ndani na kuzisajili kwenye rejista zianze na mfumo, halafu inakutolea diski iliyo tayari. Sharti zake ni mbili kubwa: virtio-win iwe imewekwa kwenye mashine inayoendesha virt-v2v, na Windows iwe imezimwa kikweli. Ikiwa imelala kwa hibernate au Fast Startup, itakataa kuandika, na ina haki.

Proxmox tangu toleo la 8.2, la Aprili 2024, ina dirisha la kuvuta VM moja kwa moja kutoka ESXi bila kukopi vmdk kwa mkono. Kuna kisanduku humo cha Prepare for VirtIO-SCSI. Ukikitia tiki, diski inakuja kwenye SATA na kontrola ya VirtIO inakuwa imewekwa tayari. Ni zuri sana, ila watu hudhani linatia draiva. Halitii. Draiva bado ni kazi yako.

Kuna wanaoshauri uinstoli virtio-win kungali ESXi, kabla ya kuhama. Fanya, inaokoa muda, lakini kumbuka kule kifaa cha VirtIO hakipo, kwa hiyo draiva inaweza kubaki ghalani tu bila ile 0. Usiruke kutoka hapo hadi VirtIO kwa mkupuo. Pita SATA.

Na kabla ya yote, futa snapshoti zote (hali za VM zilizohifadhiwa) kule ESXi zijumuike. VM yenye snapshoti ina mnyororo wa vmdk, na ukikopi kipande kimoja utapata seva ya mwaka jana.

Kama una VM mbovu kabisa ambayo hata SATA haiiwashi, Proxmox inaweza pia kuiga kontrola ya VMware yenyewe: `qm set 104 --scsihw pvscsi`, na kadi ya mtandao chagua vmxnet3. Kama ilikuwa ikitumia PVSCSI kule ESXi, itajiona bado iko nyumbani. Ni ya kuwashia tu, usiiache hivyo.

fundi_sato (Mwanza)

MAC imemaliza kazi, programu imefunguka na ripoti ya Ijumaa nimeitoa. Swali la mwisho: ile seva ya ESXi naifuta lini? Wanataka kuipeleka tawi la Sengerema.

BabaKebo (Tanga)

Wahasibu wakishafunga mwezi kwenye seva mpya na wakakubali kwa maandishi. Kabla ya hapo chomoa waya wake wa mtandao, siyo kuizima tu, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi huko Mwanza ESXi inaweza kuziwasha VM zake yenyewe kama autostart iko wazi, na utakuwa na seva mbili zenye IP moja na MAC moja. Angalia hilo leo usiku kabla hujalala.

fundi_sato (Mwanza)

Ilikuwa wazi. Nimeizima, na waya nimeuchomoa.